Kuwatibu Wasikiao Sauti: Je, Yafaa kwa Umeme na Sumaku?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanaadamu akili, kisha akaifanya akili hiyo kuwa ndiyo shina la taklifu, hatta asiyekuwa nayo akaondolewa kalamu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Tumeletewa swali na mzee mmoja wa mji huu, ambaye hatumtaji jina kwa kumsitiri. Asema kwamba kijana wake, aliyekuwa msomi mzuri na mwenye adabu, ni mwaka wa tatu sasa yuwasikia sauti za watu wasiokuwapo. Mara zamtukana, mara zamwamrisha asile chakula cha mamake, mara huwa kama watu wawili wanaomsengenya yeye naye yupo. Baba mtu amekwisha uza bangili za dhahabu za mkewe na kipande cha shamba. Kwanza kijana alinyweshwa makombe, kisha akapigiwa ramli, kisha akapungwa kwa kigoma siku saba, na mwisho akafungwa mikono na kuchapwa fimbo ili jini litoke. Lililotoka ni damu ya mgongo wake. Sauti zilibaki pale pale. Sasa jamaa yao aliyeko Ulaya amewapelekea khabari kwamba huko wako matabibu wanaozituliza sauti kama hizo kwa sumaku na umeme wa juu ya kichwa. Mzee auliza: je, hayo ni tiba ya kweli, au ni uganga mwengine uliovaa koti jeupe? Yafaa kisharia? Na ikiwa sauti yaweza kunyamazishwa kwa sumaku, basi tuseme nini juu ya majini, na tuseme nini juu ya wahyi?

Mzee huyu hayuko peke yake, ila yeye amethubutu kuuliza. Ziko nyumba katika miji yetu ambazo mna chumba cha nyuma kilichofungwa kwa kufuli, na mgeni akisikia kishindo huambiwa ni paka. Kwa hivyo tutalijibu kwa urefu.

Tuanze na maradhi yenyewe. Matabibu huyaita skizofrenia, na Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria ya kwamba watu kama milioni 24 duniani wanayo, yaani mtu mmoja katika kila watu 300. Hayachagui Mzungu wala Mwafrika, Mwislamu wala asiyekuwa Mwislamu. Wengi wao, kama saba katika kila kumi, husikia sauti. Wala si kila asikiaye sauti ana wazimu. Mjane aliyefiwa na mumewe majuzi huweza kumsikia akimwita jina lake alfajiri, na hilo ni jambo lijulikanalo na matabibu, si ugonjwa wala si mzuka. Twalitaja hili kwa sababu wako walioitwa wendawazimu kwa neno hilo moja tu walilolisema katika msiba.

Ama huyu mgonjwa, sauti anayoisikia ni sauti kweli kwake. Hasingizii. Mwaka 1993 matabibu wa London walizipiga picha bongo za wagonjwa wakati ule ule wanaposikia, wakaona kwamba ile sehemu ya ubongo itumikayo katika kutunga maneno ilikuwa ikifanya kazi. Ndipo wengi katika wanazuoni wa fani hii wakaona kwamba huenda mgonjwa yuwayasikia maneno ya nafsi yake mwenyewe, yale tunayosema sote kimoyomoyo, lakini alama inayomjulisha kuwa ni yake imepotea njiani. Basi humrudia kama maneno ya mgeni. Kumwambia mtu kama huyo "nyamaza, hakuna kitu" ni sawa na kumwambia mwenye homa kwamba haoni baridi.

Dawa za vidonge za maradhi haya zilianza Ufaransa. Mwaka 1952, mjini Paris, matabibu wawili, Delay na Deniker, walitangaza manufaa ya dawa iitwayo klopromazini, na tangu hapo zimetoka nyingine nyingi. Wengi hupata nafuu kwazo, hurejea madukani na makazini, huoa na kuolewa. Lakini wako, robo yao au theluthi, ambao humeza vidonge kama walivyoagizwa na sauti zisiondoke. Hao ndio waliowafanya matabibu watafute njia nyingine, na hapo ndipo tunapofika kwenye umeme.

Hapa yatupasa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni ule umeme wenye nguvu unaomtia mgonjwa kifafa cha muda mfupi, uliofanywa mara ya kwanza Roma mwaka 1938 na Cerletti na Bini. Hapo mwanzo ulifanywa mgonjwa yu macho, na khofu yake ikaenea duniani. Siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi na mwili umelegezwa. Huo sio alioulizia mzee.

La pili ni sumaku. Tangu mwaka 1831 Faraday alikwisha onyesha kwamba nguvu ya sumaku ikigeuka huzaa umeme ndani ya waya ulio karibu nayo. Mwaka 1985, mjini Sheffield huko Uingereza, Barker na wenziwe wakaitumia kanuni hiyo hiyo juu ya kichwa cha mtu aliye macho. Huwekwa koili ya waya juu ya nywele, umeme hupitishwa ndani yake kwa kishindo kifupi sana, na sumaku inayozaliwa hupenya fupa la kichwa bila kulipasua na kuzaa umeme mdogo ndani ya ubongo wenyewe. Ikigongwa kwa haraka, sehemu ile huamshwa. Ikigongwa polepole, kama mara moja kila sekunde, sehemu ile aghalabu hutulia.

La tatu ni umeme dhaifu wa betri, unaopitishwa kwa vitambaa viwili vilivyoroweshwa maji ya chumvi na kufungwa kichwani. Nguvu yake ni ndogo mno, kiasi cha miliampea 2, na mtu huhisi mwasho tu.

Aliyefanya sumaku kuwa tiba ya sauti ni daktari Ralph Hoffman wa chuo cha Yale, Marekani. Aliichagua ile sehemu ya kushoto, juu na nyuma ya sikio, ambayo kwayo twayafahamu maneno tunayoambiwa. Akasema, tukiituliza sehemu hii huenda sauti nazo zikatulia. Mwaka 1999 alitoa khabari za wagonjwa watatu tu, na wawili kati yao sauti zao zilikaribia kukoma kabisa kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Mwaka 2000 akaandika juu ya wagonjwa 12, na mwaka 2005 juu ya 50, na bado waliopigwa sumaku ya kweli walipata nafuu kuliko waliopigwa ya bandia.

Simama hapo kwenye neno hilo, ndugu msomaji: sumaku ya bandia. Matabibu hawa hawakutosheka na kumwuliza mgonjwa "umeonaje?" Kwani wajua kwamba mtu aliyekata tamaa akiwekewa chombo kikubwa chenye kelele juu ya kichwa chake, huweza kuona nafuu kwa matumaini peke yake. Basi waliwagawa wagonjwa mafungu, wengine wakawekewa koili iliyogeuzwa upande isipenye, yenye mlio ule ule, na mgonjwa asijue yumo katika fungu lipi, kisha wakahesabu. Sisi twauliza: tangu lini mganga wa kigoma akawapunga watu ishirini kwa ngoma ya kweli na ishirini kwa ngoma ya uwongo, halafu akahesabu waliopona? Mganga, mgonjwa akipona ni kwa ujuzi wake. Asipopona, ni jini la bara lisilofahamu Kiswahili, na lataka mbuzi mweusi. Hana siku ya kushindwa, na mtu asiyekuwa na siku ya kushindwa hapimiki.

Ama matabibu wameshindwa, na wamesema. Mwaka 2011 wenzao wa Uholanzi waliwatibu wagonjwa zaidi ya 60 kwa njia hiyo hiyo, hatta wakapiga picha ya ubongo wa mgonjwa ili koili iwekwe pale pale panapowaka wakati wa sauti. Na mwisho hawakuona tafauti baina ya ya kweli na ya bandia. Walilichapisha hilo bila ya kulificha. Na upande wa umeme dhaifu wa betri ni vivyo hivyo: mwaka 2012 Brunelin na wenziwe wa Lyon, Ufaransa, waliwatibu wagonjwa 30, dakika 20 kwa dakika 20, mara mbili kwa siku kwa siku 5, na waliopata umeme wa kweli sauti zao zilipungua kwa asilimia 31, na nafuu ile ikakaa miezi mitatu. Furaha ikaenea. Kisha wengine walipojaribu, wako ambao hawakuiona nafuu hiyo. Marekani iliruhusu mashine ya sumaku mwaka 2008, lakini kwa maradhi ya huzuni kuu, si kwa sauti.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: si uganga, na wala si tiba iliyothubutu. Ni mlango unaobishwa. Baadhi ya wagonjwa wamefaidika, wengine hawakufaidika, na khatari zake si nyingi kwa anayechunguzwa vyema: kuumwa na kichwa, makelele masikioni, na kwa nadra sana kifafa, na mwenye chuma ndani ya kichwa chake haifai kwake kabisa. Mzee asiuze kipande cha shamba kilichobakia ili ampeleke kijana Ulaya kwa jambo lenye khitilafu kiasi hiki, na hali vidonge vilivyo karibu naye hajavijaribu hatta mara moja. Hili ndilo lililotusikitisha zaidi katika khabari yake yote. Miaka mitatu, na waganga wanne, na kijana hajaonana na tabibu! Mathari ya Nairobi ipo tangu mwaka 1910, na hapa kwetu Mombasa kuna sehemu ya wagonjwa wa akili Port Reitz. Watu wanaijua njia ya huko, lakini waona haya kuonekana wakiipita mchana. Kwa mganga waenda usiku, na usiku hauna haya.

Sasa tuje kwenye sharia. Usama bin Sharik amepokea ya kwamba mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawajulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hii imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Wala hakusema dawa za mimea tu, wala hakusema dawa za Waarabu tu. Sumaku na umeme ni viumbe vya Mwenyezi Mungu kama asali na habasoda. Hukumu ya kuvitumia yafuata manufaa na madhara yake, na muradi hamna ndani yake shirki, wala najisi, wala dhulma, asili yake ni halali. Na Abu Daud amepokea tena kwamba mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa alichokiharibu. Laiti hadithi hii ingesomwa mbele ya kila mwenye fimbo! Mgongo wa kijana yule una dhamana, na mwenye kumpiga ana deni shingoni mwake, ijapokuwa alipokuwa akipiga alikuwa akisoma.

Atatokea mtu aseme: "Je, nyinyi mwawakanusha majini?" Hasha. Majini wamo katika Qur'ani, na mwenye kuwakanusha ameikanusha. Lakini kuamini kwamba majini wako ni jambo moja, na kudai kwamba jini fulani, jina lake fulani, kabila yake fulani, amekaa ndani ya kijana huyu, ni jambo jengine kabisa. Hilo la pili ni khabari ya ghaibu, nawe umeijuaje? Ibnul Qayyim katika Zadul Maad ameugawa ugonjwa wa kuanguka sehemu mbili: utokanao na pepo wabaya, na utokanao na mwili, ambao ndio wanaousemea matabibu. Basi mwanachuoni huyu, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kuwa ni mfuasi wa Wazungu, alijua zaidi ya karne sita zilizopita kwamba yako maradhi ya mwili yanayofanana na kazi ya pepo. Waganga wetu hawakulijua hadi leo, kwani wakilijua riziki yao itapungua nusu.

Watasema tena kwamba Ibnul Qayyim huyo huyo amemsimulia shekhe wake Ibn Taymiyya kuwa alimpiga mtu mwenye pepo. Naam, amesimulia. Nasi twawapenda maulamaa na twawaheshimu, lakini kitendo cha mwanachuoni si hoja ya sharia. Hoja ni Kitabu na Sunna. Na katika Bukhari na Muslim muna khabari ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka na nguo zikimfunuka, aliyekwenda kwa Mtume kutaka aombewe dua. Mtume akampa khiyari, avumilie naye apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kuvumilia, akataka aombewe asifunuke tu, naye akamwombea. Iko wapi fimbo hapo? Kiko wapi kigoma, na ubani, na mbuzi? Na Suratul Jinn imetaja wanaume waliokuwa wakijikinga kwa majini, ikaeleza kwamba hawakuzidishiwa ila tabu. Mwenye kuwatuliza majini kwa kafara na ngoma ni katika hao hao.

Kusoma Fatiha na Qul-audhu mbili juu ya mgonjwa ni sunna, na baba mtu ndiye apasaye zaidi kuzisoma, kwa sababu moyo wake ndio unaoungua. Hakuhitajiki bakshishi wala chano. Na kisomo hakigombani na kidonge: kijana asomewe, na vidonge avimeze.

Limebaki swali la wahyi, na hili ndilo tulilolifikiri zaidi, kwani vijana wetu wasomao vyuoni hulisikia nao hukaa kimya. Huko Montreal, katika chuo cha maradhi ya ubongo kilichofunguliwa mwaka 1934, alikuwako daktari aitwaye Wilder Penfield. Alikuwa akiwapasua vichwa wenye kifafa nao wako macho, kwani ubongo wenyewe hauoni maumivu ukiguswa. Na alipoigusa kwa umeme ile sehemu ya upande wa sikio, baadhi yao walisema wasikia watu wakinena au ngoma ikipigwa, na chumbani hapana kitu. Mwaka 1963 aliyaandika hayo kwa urefu. Basi umeme umezaa sauti, na umeme mwengine umezizima. Wako wanaosema kwa hayo: "Mumeona? Kila aliyedai kusikia maneno yasiyosikiwa na wengine, ni ubongo wake tu."

Twawajibu: mtu akilibinya jicho lake gizani huona mwanga. Je, yatokana na hayo kwamba jua halipo? Jicho lilifanywa kwa ajili ya mwanga, kwa hivyo likibinywa huzaa mwanga wa uwongo; na ubongo ulifanywa kupokea maneno, kwa hivyo ukiguswa huzaa maneno ya uwongo. Chombo kudanganyika si dalili kwamba hakuna wa kukisemeza. Penfield mwenyewe, baada ya umri wake wote wa kuwagusa watu bongo, aliandika mwaka 1975 kwamba hakuona kuwa akili ya mtu yaweza kuelezwa yote kwa kazi ya ubongo peke yake. Na kumwita Mtume mwendawazimu si elimu mpya. Washirikina wa Makka walilisema, na Qur'ani imelitaja neno lao na kulikanusha. Wao walimjua tangu utoto wake, na walikuwa wamewaona wendawazimu kwa macho yao. Sauti za mgonjwa humvunja: zamtukana, zarudia yale yale, zamtenga na watu, zamharibia usingizi na kazi. Wahyi ulikuja kwa miaka 23 ukajenga umma, ukapanga mirathi na ndoa na vita na mapatano, naye aliyeuleta akawa ndiye mwenye kuaminiwa amana za watu. Mwenye kuyaona haya mawili kuwa ni kitu kimoja, hakumtazama mgonjwa, wala hakuisoma sira.

Na hilo lina upande wa pili, nao ni juu yetu. Akija kijana na kusema kwamba sauti zamwambia yeye ni walii, au ni Mahdi, au zamwamrisha aache sala, au amdhuru mtu, tusimcheke wala tusimkufurishe. Kalamu imeondolewa kwa asiyekuwa na akili mpaka apate akili. Huyu ni mgonjwa. Apelekwe kwa tabibu siku ile ile, khasa zikiwa zamwamrisha kujidhuru, na asiachwe peke yake.

Mzee ameuliza mwishoni nani atoe idhini ikiwa mgonjwa hataki. Kijana akiwa yuwafahamu asemwayo, na aghalabu hufahamu katika saa zake za utulivu, basi aulizwe yeye, aelezwe dawa itafanya nini na itamletea tabu gani. Tiba ambayo manufaa yake bado yajaribiwa, kama hiyo ya sumaku, asitiwe ndani yake bila ya ridhaa yake. Akiwa hafahamu kabisa, walii wake asimame mahali pake pamoja na tabibu mwaminifu, naye amchagulie lile ambalo angemchagulia akiwa na maradhi ya moyo au ya figo. Haishurutishwi tabibu awe Mwislamu; yatosha ajue kazi yake na awe mwaminifu.

Ama Ramadhani, aliyepigwa sumaku au kufungwa umeme kichwani mchana hakufuturu, kwani hapana kitu kilichoingia tumboni wala penginepo. Vidonge, tabibu aulizwe kama vyaweza kumezwa usiku, baada ya futari na wakati wa daku, vikiweza, afunge. Visipoweza, avimeze mchana na ale, kwani ni mgonjwa, naye atalipa akipata nafuu. Na ikiwa ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka, atolewe kibaba kwa kila siku. Lakini asiviache vidonge mwezi mzima kwa kuwa fulani amemwambia kwamba saumu peke yake yatosha.

Wallahu aalam.